Kipindi Kinachomwachia Msikilizaji Kazi

Kabla simu hazijaingia kila mfuko, taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) ilikuwa na mkia wake. Habari za serikali zikiisha, za dunia zikiisha, mtangazaji anatua kidogo, kisha yanaanza matangazo ya vifo. Fulani wa Muheza anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi kilichotokea leo alfajiri. Habari ziwafikie fulani wa Kilosa, fulani wa Lindi, na fulani wa barabara ya 9 Ngamiani, Tanga, popote pale walipo. Mazishi ni kesho alasiri.

Wazee wa hapa Tanga watakuambia kwamba redio ilizimwa baada ya vifo, haikuzimwa baada ya habari. Meneja wa vipindi wa leo akiambiwa hivyo atashangaa, maana kwa vipimo vyake kile hakikuwa kipindi kabisa: majina ya watu usiowajua, yanasomwa kwa sauti isiyopanda wala kushuka, hakuna muziki, hakuna mzaha. Na bado nyumba nzima ilinyamaza, mpaka mtoto aliyekuwa akilia alibebwa akatolewa nje.

Ukiuliza sababu, utaambiwa ni hofu, kila mtu alichelea kusikia jina la wa kwake. Sawa, lakini hofu peke yake haielezi mambo yaliyofuata. Mwenye hofu akishajua kwamba wa kwake hayumo, huendelea na shughuli zake. Hawa hawakuendelea. Yule fulani wa barabara ya 9 mara nyingi redio hana, au iko na betri zimekufa, zimeanikwa juani zipate uhai wa siku mbili tatu, au yeye mwenyewe yuko shamba la mkonge au yuko majini. Aliyesikia ndiye aliyetwishwa. Anajifunga shuka lake, anakwenda kubisha hodi, anamwita mwenyeji pembeni. Mitambo ya Dar es Salaam ilifikisha habari hadi Ngamiani, na kuanzia hapo ilibebwa kwa miguu na mtu ambaye hakuwa mwajiriwa wa redio wala hakujua kwamba anaifanyia kazi.

Nimeanza na vifo kwa makusudi, kwa kuwa ndicho kipindi kisichoweza kutetewa kwa hoja ya burudani. Kila tunapojadili kwa nini redio ya umma inapoteza masikio ya vijana, mazungumzo huishia kwenye muziki, sauti za watangazaji na ucheshi. Mimi naona swali linaulizwa upande usio wake. Tunahesabu redio inampa nini msikilizaji. Ukiwasikiliza watu wanavyovizungumzia vipindi walivyovipenda, wanasimulia zaidi walichokuwa wakikifanya wao: tulikuwa tunaandika, tulikuwa tunabishana, tulikuwa tunasubiri, nilikimbia kwenda kumwambia. Kipindi kilichopendwa ni kile kilichowaachia kazi.

Chukua salamu. Kwa mtu ambaye hakuzikuta, ilikuwa hivi: unanunua kadi ya salamu, unaandika jina lako na ulipo, unapanga majina ya unaowasalimu, na mwisho unatia ujumbe wako. Kadi inapanda posta kwenda Dar es Salaam, na wewe unakaa na redio wiki baada ya wiki ukisubiri jina lako lisomwe kwa sauti ya taifa. Wapo waliotuma kadi nyingi hadi majina yao ya utani yakajulikana kutoka Bukoba hadi Newala, na wenyewe hawakuwahi kutoka nje ya wilaya zao. Mpigadebe wa stendi au mkata mkonge wa Korogwe alikuwa mtu mashuhuri kwa njia hiyo, umashuhuri ambao haukuhitaji picha wala fedha zaidi ya bei ya kadi na stempu.

Watangazaji wengi waliziona salamu kuwa za kujazia muda. Nadhani hapo walijidharau bure. Aliyesalimiwa akisikia jina lake, kazi ilihamia kwake: sasa anadaiwa. Lazima ajibu, na akijibu awaongeze wengine, na asipojibu siku wakikutana Mkwakwani ataulizwa. Kipindi cha nusu saa kilikuwa kinazalisha madeni ya heshima nchi nzima. Na ambaye hakusalimiwa hakukosa shughuli, maana alikuwa anawajua watuma salamu kwa majina, anajua nani amemruka nani, anajua ujumbe ule wa mwisho ulimlenga jirani gani. Sikio la mtu wa pwani halihitaji kufundishwa hilo, limekulia kwenye taarabu.

Taarabu yenyewe nisiipite haraka, kwa sababu Tanga ina haki ya kujivunia hapa kuliko mahali pengi. Black Star na Lucky Star, vikundi vya mji huu, viliibadili taarabu katika miaka ya 60 na 70, vikaingiza magitaa na kuipunguzia uzito wa orkestra za kimisri, na marehemu Bi Shakila Said alipata jina lake humo kabla hajawa wa taifa zima. Muziki huo ulitoka Ngamiani ukapita mipaka, na gari lililoubeba ni redio. Wakati huo studio ya RTD ilikuwa karibu ndiyo studio pekee nchini, kwa hiyo bendi na vikundi vya mikoani vilisafiri hadi Dar es Salaam kurekodi, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz za hapa zikiwamo. Malipo yalikuwa haba na kanda zilibaki redioni. Wanamuziki walilalamika, na walikuwa na haki. Lakini kanda zile zikipigwa, mtu wa Makorora alisikia sauti ya mtaani kwake ikimrudia kutoka Dar es Salaam.

Sasa angalia kazi ambayo taarabu humwachia msikilizaji. Mtunzi hamtaji mtu. Anataja ua, anataja paka, anataja chungu kilichovunjika. Ni wewe unayekaa na ndugu zako mkaamua kwamba ua ni fulani na paka ni mume wa fulani, na mkakosana kwa uamuzi huo. Mtangazaji wa zamani alikuwa na adabu ya kunyamaza. Alitaja kikundi, akataja mwimbaji, akaacha wimbo upite hadi mwisho. Wa leo wimbo haujafika kiitikio keshaingia juu yake na kukueleza fumbo lote, nani kampiga nani kijembe, na anacheka yeye kabla yako. Kazi yako ameimaliza. Ukibadilisha stesheni anadhani hukuupenda wimbo.

Mpira nao ni hivyohivyo, na pengine ndiko kunakoonekana wazi zaidi. Mwaka 1988 Coastal Union, timu ya hapa Tanga, walipochukua ubingwa wa Tanzania Bara, huku Bara hakukuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Zanzibar walikuwa na televisheni yao tangu miaka ya 70, sisi tulisubiri hadi 1994. Kwa hiyo ubingwa wa Wagosi wa Kaya, kwa yeyote ambaye hakuwamo uwanjani, uliingilia masikioni. Mtangazaji wa mpira wa redio alikuwa na wajibu ambao wa televisheni hana: kukwambia nani anashambulia lango la upande gani, mpira uko wingi ya kulia au katikati, kipa amevaa nini. Marehemu Charles Hilary alikuwa fundi wa jambo hilo, sauti yake ilikwenda na mpira, ikapungua mpira ulipopoa. Uwanja ulichorwa kichwani mwa msikilizaji, na kila mtu alichora wake. Ndiyo maana ubishi wa mpira wa redio hauishi. Wawili waliosikiliza redio moja kwenye baraza moja wana magoli mawili tofauti, kila mmoja ameliona kwa macho yake. Televisheni na marudio yake imeumaliza ubishi wa aina hiyo kwa dakika moja, na sina hakika kwamba hapo tumepata faida tupu.

Nikija kwenye vipindi vya elimu najua nusu ya wasomaji watapiga miayo, na wana sababu. Elimu ya redio kwetu imekuwa mtu mmoja kuhutubia ukuta. Ila haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya, na watu wapatao milioni 2 walishiriki, katika nchi ambayo wakati huo haikuwa na watu wengi kama leo. Utaratibu wake haukuwa kusikiliza na kulala. Watu walikutana kwa vikundi, kila kikundi na kiongozi wake na kitabu chake, wanasikiliza kipindi, wanazima redio, wanajadili, kisha wanakubaliana wafanye nini kabla ya wiki ijayo: kufukia madimbwi, kufyeka nyasi, kuchimba choo. Vyoo vilichimbwa kwa malaki. Siku hizi tuna vipindi vya afya kila kona ya masafa, daktari bingwa studioni, simu zinapigwa, na hakuna anayetoka nje akiwa na jembe. Sisemi turudishe siasa za 1973. Nasema waandaaji wale walifikiria dakika zinazofuata baada ya redio kuzimwa, na wa sasa wanafikiria dakika za hewani tu.

Miaka 20 baadaye, mwaka 1993, RTD ilianza mchezo wa redio wa Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki. Wengi wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye mwanamke kila kituo, na mkewe Tunu aliyechoka kuvumilia. Ulikuwa mchezo wa uzazi wa mpango na kinga ya UKIMWI, jambo ambalo kwa kawaida lingeuua siku ya kwanza. Haukufa. Na kwa bahati watafiti, akiwamo Everett Rogers wa Marekani, waliufuatilia kwa njia ambayo ni nadra kupatikana: kwa miaka miwili ya mwanzo mtambo wa Dodoma haukuurusha mchezo huo, kwa hiyo waliweza kulinganisha Dodoma na maeneo yaliyousikia. Maeneo yaliyousikia yalionesha mabadiliko makubwa zaidi katika matumizi ya uzazi wa mpango. Kinachonivutia ni njia iliyopitiwa. Moja ya mambo yaliyoongezeka ni mazungumzo kati ya mume na mke. Mkwaju alifanya upuuzi wake hewani jioni, na usiku wawili waliokuwa hawajapata kulizungumza jambo hilo wakapata pa kuanzia, kwa kumsema Mkwaju. Mke hakulazimika kusema “wewe”. Alisema “yule”.

Mama na Mwana cha Debora Mwenda kilijua siri hiyohiyo kwa watoto: hadithi ilikuwa na wimbo ndani yake, na wimbo ulihama ukaenda kuimbwa uani kesho yake.

Kuna mahali nadharia yangu inabanwa, na ni hapa pwani. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa utabiri wa bahari, husema ukanda wa pwani ya kaskazini, yaani mikoa ya Tanga, Dar es Salaam na Pwani ikijumuisha kisiwa cha Mafia, pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba. Upepo utavuma kutoka kusini mashariki, kasi yake kadha wa kadha, bahari itakuwa na mawimbi makubwa. Nahodha wa Sahare au Mwarongo anayesikia hayo ana kazi nzito, kwa sababu eneo lililotajwa lina urefu wa mamia ya kilomita na yeye anakwenda mahali pamoja. Anajua kwamba upepo uleule una sura moja nyuma ya Raskazone na sura nyingine ukishatoka nje kuelekea mkondo wa Pemba. Anaupunguza, anauongeza, anatazama kama ni bamvua, yaani maji makubwa, au maji mafu, yaani maji madogo, anatazama vijana alionao chomboni, anaamua. Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinaisogelea Mafia mwanzoni mwa Mei 2024, hapakuwa na kipindi cha redio kilichosikilizwa kwa makini kuliko taarifa hizo. Hadi hapo nadharia inakaa vizuri.

Ila Uingereza, BBC Radio 4 ina taarifa ya bahari inayosomwa kila siku, majina ya maeneo yanafuatana, Dogger, Fisher, German Bight, kasi ya upepo, uwezo wa kuona mbali, basi. Na wanaoipenda kupita kiasi si mabaharia. Ni watu waliolala vitandani mwao katika miji ya bara, wasio na hata mtumbwi, na pakizungumzwa kuibadilisha ratiba yake hulalamika kana kwamba wamenyang'anywa kitu. Hao wana kazi gani? Hawavuki popote. Nimelifikiria hili na jibu langu ni kwamba kazi haihitaji kuwa ya mikono. Mtu akisomewa majina ya bahari kavukavu, bila kuelezwa ajisikieje, analazimika kuitengeneza bahari mwenyewe. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa wazee wetu na vifo vya watu wasiowajua: ukisikia fulani wa Kilosa, fulani wa Lindi, fulani wa Mwanza, ukoo mzima unajipanga kichwani mwako, mtoto mmoja alikwenda reli, mwingine alikwenda korosho, mwingine alioa Usukumani akakaa hukohuko. Hakuna aliyekusimulia. Msomaji mkali ataniambia nimelinyoosha neno kazi mpaka linaingia kila kitu. Nakubali limenyooka, lakini haliingii kila kitu, na mfano wa lisiloingia tunao kila asubuhi.

Sheria ya utangazaji ya 1993 ilifungua milango, Radio One ikaingia hewani 1994, na baada yake vituo vikafuatana hadi leo masafa ya FM ya Tanga yamejaa. Ushindani ulileta mengi mazuri, mojawapo ni kwamba watangazaji wa taifa waliacha kuzungumza na raia kama mkuu wa wilaya anavyozungumza na kijiji. Lakini redio nyingi kubwa zinatangaza kutoka Dar es Salaam na kurushwa mikoani zilivyo. Matokeo yake, kijana wa bajaji wa Chumbageni anayesikiliza kwa spika zake saa moja asubuhi anapewa habari za foleni ya Ubungo, anaonywa asipite Mwenge, anaambiwa mvua imefanya nini Jangwani. Watu watatu studioni wanacheka. Wanataniana kwa mambo ya jana usiku ambayo yeye hakuwapo. Wanauliza swali, wanalijibu, wanakubaliana wenyewe. Yeye amewekwa mlangoni mwa sherehe isiyo yake, na anachoombwa ni asiondoke.

Ndipo inapoletwa dawa ya ushiriki. Tuma neno fulani kwenda namba fulani, vigezo na masharti kuzingatiwa. Au piga simu. Anayepiga anaulizwa jina, yuko wapi, anafanya nini, anaambiwa apunguze redio yake kwanza, anapunguza, na akianza tu kusema alilopigia simu laini inakatwa kwa kuwa tangazo linaingia. Hiyo naiita ushuru. Kazi ya kweli huwa na matokeo: usipoifanya, kitu fulani hakitokei. Usipotuma ule ujumbe, kipindi kinaendelea vilevile na mshindi anapatikana vilevile. Wamarekani walikuwa na kipindi cha magari kwenye redio yao ya umma, NPR, kikiongozwa na ndugu wawili mafundi wa Boston, Tom na Ray Magliozzi, kuanzia 1987 kitaifa hadi 2012. Kiliwavuta hata wasiojua kufungua boneti. Hao nao walicheka sana, tena vicheko vya kelele, lakini kila wiki walitoa kitendawili na jibu lake halikutoka siku hiyo. Msikilizaji aliondoka nacho akakaa nacho siku saba. Sisi ambao vitendawili ni mali ya bibi zetu tumeshindwa hata hilo.

Redio ya umma haina mashaka ya matangazo kwa kiasi cha wenzake, kwa hiyo ingetarajiwa kuwa ndiyo yenye nafasi ya kunyamaza, ya kusubiri, ya kumpa mtu siku saba. TBC Taifa, iliyoirithi RTD, inafika mahali ambapo wengine hawajapeleka mtambo kwa kuwa hakuna biashara, na sifa hiyo haipaswi kupuuzwa. Tatizo lake liko upande mwingine. Saa nzuri za mchana huliwa na sherehe. Mgeni rasmi anawasili, mgeni rasmi anakaribishwa, meza kuu inatambulishwa mtu mmoja mmoja, na mtangazaji anaeleza kwa sauti ya chini kwamba sasa mgeni rasmi anakunywa maji. Msikilizaji wa Handeni afanye nini na hilo? Hawezi kujibu, hawezi kumpelekea mtu, hawezi hata kubisha, kwa sababu hakuna kilichosemwa cha kubishiwa. Redio inabaki wazi jikoni ikiongea peke yake. Na ikifika wakati wa kipindi ambacho mtu amekisubiri wiki nzima, kinaahirishwa bila taarifa kwa ajili ya hotuba. Hapo ndipo kinapouawa kipindi, kwa maana msikilizaji alikuwa ametimiza upande wake wa miadi.

Kwa kulinganisha, nenda Pangani. Pangani FM, redio ya jamii chini ya asasi ya UZIKWASA, haina mtambo wa kutisha wala watangazaji wenye majina ya nchi nzima. Lakini asasi hiyohiyo hufanya maigizo na mijadala vijijini, na redio yake inajengwa juu ya watu wa wilaya hiyo kusema wenyewe mambo ya wilaya hiyo, yakiwamo magumu, kama unyanyasaji wa wasichana shuleni na viongozi wasiosoma mapato na matumizi. Mtu akisema jambo redioni Pangani, kesho atakutana na anayehusika kivukoni. Hilo hubadili namna ya kusema na namna ya kusikiliza. Sidai kwamba kila kipindi chake ni kizuri. Redio za jamii zina tabia ya kugeuka chuo cha semina pale wafadhili wanapotaka maneno fulani yasikike, na msikilizaji hunusa mara moja. Ila muundo wenyewe una kazi ndani yake.

Nigusie pia jambo moja la hapa kwetu ambalo wapanga masafa hawalipangi. Msimu wa kaskazi, joto likitanda juu ya hewa yenye unyevu ya baharini, mawimbi ya FM hupinda na kusafiri mbali kuliko kawaida yake, na redio za Pemba, Unguja na Mombasa huingia Tanga bila kualikwa. Wapo wanaokaa na redio ndogo au simu ya kitochi yenye waya wa masikioni, wanazungusha, wanainua antena, wanasogea dirishani, ili mradi wakamate taarabu ya ng'ambo kwa robo saa kabla haijazama. Redio ile wangeweza kuipata kwa intaneti, safi, bila mikwaruzo, kwa bando la shilingi mia tano. Waulize kwa nini hawafanyi hivyo. Utajibiwa kwamba ya intaneti haina raha, na hilo halihusiani na bei.

Basi ningekuwa na sauti kwenye kikao cha vipindi cha redio ya umma, nisingeomba watangazaji vijana zaidi wala muziki mpya zaidi, vyote hivyo vipo kwingine tele. Ningeomba vitu vitatu vidogo vya kuanzia hapa Tanga. Bei za mnada wa samaki wa Deep Sea zisomwe kila asubuhi, kibua kiasi gani, changu kiasi gani, ndoo ya dagaa kiasi gani, kavukavu, ili mama lishe wa Mabawa aamue anapika nini na mchuuzi wa Muheza aamue kama apande gari. Taarifa ya bahari isomwe na mtu anayejua mji huu, kwa saa isiyohama hata Rais akija. Na kanda za zamani zitolewe kabatini.

Hilo la tatu ndilo ningelipigania. Kanda zile za RTD zimebeba vijana wa Tanga wa miaka ya 60 ambao majina yao hayakuandikwa popote, aliyepiga gitaa la pili, aliyepiga ngoma za bongo, kina mama wa kiitikio. Jumamosi usiku, baada ya isha, ipigwe kanda moja ya Black Star au Jamhuri Jazz, yote, na mtangazaji aseme tu kwamba hatujui nani anapiga gitaa hili, anayejua atupigie. Ngamiani bado kuna wanaojua. Simu ya kwanza itakuja kabla ya ubeti wa tatu, na ya pili itakuja kusema kwamba wa kwanza amedanganya, aliyepiga siku ile alikuwa kaka yake mkubwa, na gitaa lenyewe lilikuwa la kuazima.